Lugha ya Mikono Isiachiwe Mashine

Mama kiziwi anapompeleka mwanawe mgonjwa hospitali, kazi ya kwanza inayomkabili si kutafuta dawa, bali ni kutafuta mtu wa kumfahamu. Anayajua yote ambayo daktari anataka kuyajua: homa imeanza lini, mtoto ametapika mara ngapi, amekula nini, na dawa gani amekwishapewa nyumbani. Lakini habari hizo zimo mikononi mwake, na daktari hakufundishwa kuisoma mikono. Basi hutafutwa jirani, au mtoto mkubwa huachishwa skuli siku ile aje kuwa mkalimani wa mama yake, na mara nyingine hutafutwa kipande cha karatasi, ilhali mama mwenyewe huenda hakujaaliwa kusoma. Siku ikiwa mbaya hapatikani yeyote, na mgonjwa hutibiwa kwa kubahatisha.

Tumeanza na mama huyo kwa kuwa yeye ndiye kipimo cha yote tutakayoyasema leo. Katika miaka ya karibuni wamezidi kutokea wataalamu wanaounda vyombo vya kuufuata mwendo wa mikono ya mtu na kuugeuza kuwa maandishi au sauti, na mara nyingi tumeahidiwa kwamba vyombo hivyo vitauvunja ukuta uliopo baina ya viziwi na wanaosikia. Si ajabu siku moja vikaletwa mbele ya wakuu wetu, vikaonyeshwa juu ya meza katika chumba chenye mwanga mzuri, na kila aliyehudhuria akapiga makofi. Sisi hatuvikatai. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mwenyeji mwenye busara humwuliza mgeni wake analoliweza na asiloliweza, kabla ya kumkabidhi funguo za nyumba.

Fikra yenyewe si ngeni. Mwaka 1983 mhandisi wa maabara ya Bell nchini Marekani, Gary Grimes, alipewa hati ya uvumbuzi kwa glavu iliyopachikwa nyaya na vitambuzi, iliyokusudiwa kuzitambua herufi ambazo viziwi huzitahajia kwa vidole. Kidole kilipokunjwa au kugusana na chenziwe, kitambuzi kilipeleka habari kwenye kompyuta. Katika miaka ya 1990 watafiti wa MIT, hukohuko Marekani, waliiacha glavu wakatumia kamera moja tu. Matokeo yao yaliyochapishwa mwaka 1998 yalitia moyo: kamera ilipowekwa mezani, kompyuta ilitambua maneno 92 katika kila 100, na ilipofungwa kwenye kofia ya msemaji mwenyewe, ikiitazama mikono yake kutoka juu, ilitambua maneno 98. Jambo la kuzingatia ni kwamba msamiati wote wa mashine hiyo ulikuwa maneno 40. Kwa kawaida mtoto wa miaka miwili huwa na maneno mengi kuliko hayo.

Baadaye vyombo vikazidi kuwa rahisi na vyepesi. Novemba 2010 kampuni ya Microsoft ilitoa Kinect, chombo kilichotengenezwa kwa ajili ya michezo ya televisheni, ambacho kilimulika chumba kwa mwanga usioonekana kwa jicho na kupima umbali wa viungo vya mtu aliyesimama mbele yake. Kufikia mwaka 2013 wataalamu wa China walikuwa wamekitumia kuitafsiri lugha ya alama ya Kichina. Mwaka huohuo kikaanza kuuzwa kidude kiitwacho Leap Motion, chenye urefu wa sentimita 8 tu, kikiwa na kamera mbili na taa tatu ndogo, kazi yake kuifuata mikono peke yake. Leo hata kidude hicho si lazima. Programu ya Google iitwayo MediaPipe, ambayo sehemu yake ya kuifuata mikono ilitolewa mwaka 2019, huutazama mkono kwa kamera ya simu ya kawaida, ikauwekea nukta 21 kutoka kifundo hadi ncha za vidole, na kuzifuata nukta hizo kila zinakokwenda.

Jirani zetu nao hawakulala. Roy Allela, mhandisi kijana wa Kenya, aliunda glavu alizoziita Sign-IO, zenye kitambuzi katika kila kidole, ambazo hupeleka habari kwenye simu nayo simu ikatamka neno. Mwaka 2019 kazi yake ilikuwa miongoni mwa zilizoteuliwa kushindania tuzo ya uhandisi barani Afrika inayotolewa na Royal Academy of Engineering ya Uingereza. Mwafrika aliyeona dhiki ya viziwi wa kwao na akakaa chini kutafuta dawa yake anastahili heshima, na heshima hiyo tunampa bila ya kusita.

Hata hivyo, mkono ulioonekana si neno lililofahamika. Hapa ndipo penye kiini cha maneno yetu.

Watu wengi, na wamo wasomi, hudhani kwamba lugha ya alama ni ishara za kubuni tu, kama zile tunazomfanyia mtu aliye ng'ambo ya barabara. Dhana hiyo iliondolewa tangu mwaka 1960, pale William Stokoe, mwalimu wa chuo cha viziwi cha Gallaudet mjini Washington, alipoonyesha kwamba alama hujengwa kwa sehemu zake, kama neno linavyojengwa kwa sauti: umbo la mkono, mahali unapowekwa, na mwendo wake. Katika lugha ya alama ya Marekani, kidole gumba cha mkono uliokunjuliwa kikigusa kidevu, maana yake ni mama. Kikigusa kipaji cha uso, mkono ukiwa vilevile, maana yake ni baba. Chombo kinachohesabu mikunjo ya vidole bila ya kujua mkono uko wapi usoni hakiwezi kumjua mama wala baba.

Wala uso si mahali pa kuguswa tu. Uso wenyewe unasema. Katika lugha hiyohiyo ya Marekani nyusi zikiinuliwa, maelezo hugeuka kuwa swali. Kichwa kikitikiswa, maelezo hugeuka kuwa kanusho. Na mikono huweza kubaki ileile. Sasa turudi kwa mama yetu aliye mbele ya daktari. Baina ya "mtoto amekunywa dawa" na "mtoto hakunywa dawa" ipo roho ya mtu. Ikiwa tofauti hiyo imo katika kichwa na nyusi, na chombo kimevishwa mikononi, basi chombo kitatamka kwa sauti safi na ya kujiamini jambo ambalo mama hakulisema.

Kosa la namna hiyo ni baya kuliko ukimya. Daktari asiyefahamu hujua kwamba hakufahamu, akatafuta msaada. Daktari aliyeambiwa uongo na mashine haoni sababu ya kuuliza tena.

Na hata pale kamera inapokuwa na uwezo wa kuuona uso, ipo taabu nyingine. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Griffith waliijaribu Leap Motion kwa lugha ya alama ya Australia, wakaona kwamba vidole vinapofunikana, au mkono mmoja unapoingia mbele ya mwingine, chombo hupotewa. Lugha ya alama imejaa kufunikana huko. Zaidi ya hayo, mtu anayezungumza hasimami baada ya kila neno ili apigwe picha. Alama huungana, huathiriana na hufupishwa, kama sisi tunavyomeza silabi tunapozungumza barazani kwa haraka.

Viziwi wenyewe wamekwisha kulisema hili. Mwaka 2016 vijana wawili wa Chuo Kikuu cha Washington huko Marekani walipata tuzo ya dola 10,000 kwa glavu za kutafsiri lugha ya alama, na magazeti yakazisifu sana. Lakini wataalamu wa lugha na viziwi walijibu kwamba glavu zile hazikuweza kuiona sarufi iliyomo usoni, na kwamba viziwi hawakushirikishwa tangu mwanzo kama ilivyopasa. Wakauliza pia swali ambalo kila mtumishi wa umma angefaa kulitafakari: kwa nini mzigo uwe wa kiziwi kuvaa kifaa ili anayesikia asipate taabu ya kujifunza?

Lipo na suala la lugha ya nani. Lugha ya alama si moja duniani. Uingereza na Marekani zote husema Kiingereza, lakini viziwi wa Uingereza hutahajia herufi kwa mikono miwili, na wa Marekani kwa mkono mmoja. Lugha ya alama ya Marekani ina udugu wa karibu zaidi na ya Ufaransa, alikotoka Laurent Clerc, aliyesaidia kuanzisha skuli ya viziwi mjini Hartford mwaka 1817. Tanzania nayo ina lugha yake ya alama. Mashine haijui ila ilichofundishwa, na hufundishwa kwa picha nyingi za watu wakizungumza. Mfano unaojulikana sana kwa wataalamu ni mkusanyo wa Ujerumani uliotokana na wakalimani 9 waliokuwa wakifasiri utabiri wa hali ya hewa katika televisheni. Mashine iliyolelewa na mkusanyo huo huijua mvua, upepo na theluji ya Ujerumani. Tukiileta hapa, haitaijua kusi wala kaskazi, seuze degedege la mtoto.

Na tusisahau kwamba vyombo navyo hufa. Utengenezaji wa Kinect ulikomeshwa mwaka 2017, na mwaka 2019 kampuni ya Leap Motion ikanunuliwa na nyingine. Aliyeijenga kazi yake yote juu ya chombo kimoja alijikuta amebaki pwani na jahazi limekwenda. Hapa ndipo tunapokumbuka onyo la wazee: usiache mbachao kwa msala upitao.

Mbacha wetu ni upi? Ni watu. Kwa hili tunacho kisiwa cha kukitolea mfano.

Katika bahari ya Atlantiki, karibu na pwani ya Massachusetts nchini Marekani, kipo kisiwa kiitwacho Martha's Vineyard. Tangu mwishoni mwa karne ya 17 uziwi wa kurithi ulienea katika baadhi ya koo zake. Mtaalamu Nora Ellen Groce, aliyekichunguza kisiwa hicho na kutoa kitabu chake mwaka 1985, ameeleza kwamba katika karne ya 19, wakati Marekani kwa jumla ilikadiriwa kuwa na kiziwi 1 katika watu 5,728, kisiwani humo alikuwako 1 katika watu 155, na katika mji wa Chilmark 1 katika watu 25. Wenyeji hawakuwa na kamera wala kompyuta. Walichokifanya ni kujifunza. Wanaosikia walikua wakiijua lugha ya alama kama walivyokua wakijua Kiingereza, wakaitumia dukani, mikutanoni na baharini, ambako wavuvi walizungumza kwa mikono kutoka chombo kimoja hadi kingine pale sauti isipofika. Viziwi walioa na kuolewa, walimiliki mali na walishika kazi za umma. Wazee walioulizwa juu ya majirani wao wa zamani waliwakumbuka kwa kazi zao na tabia zao, na mara nyingine ilibidi wafikiri kwanza ndipo wakumbuke kwamba fulani alikuwa kiziwi.

Kiziwi wa mwisho wa ukoo ule alifariki mwaka 1952, na lugha ile haisemwi tena. Lakini funzo lake lingali hai. Uziwi ulikuwa mwingi kisiwani pale, ila ulemavu ulipungua, kwa sababu nusu ya ulemavu wa kiziwi imo katika ujinga wetu sisi tusiomwelewa. Sisi watu wa visiwani tunaijua maana ya kuishi karibu karibu. Katika shehia zetu kila mtu anamjua mwenziwe na mtoto wa mwenziwe. Jambo lililowezekana Chilmark halina sababu ya kushindikana Makunduchi, Nungwi, Wete au Mkoani.

Wala si kwamba hatujui namna lugha inavyojengwa. Kiunguja, lugha ya mji wetu, ndicho kilichochukuliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na tangu mwaka 1930 kamati ya lugha ya Afrika Mashariki ilikaa kukusanya maneno, kuyapatanisha na kuyatia katika kamusi. Katika zama zetu Baraza la Kiswahili la Zanzibar limetoa Kamusi la Kiswahili Fasaha mwaka 2010, na halikuviacha nyuma Kipemba, Kitumbatu na Kimakunduchi. Tunajua, kwa hiyo, kwamba lugha iliyokusanywa huheshimiwa, na isiyokusanywa hupotea na wazee wake. Kazi iliyofanyiwa lugha za midomo yetu yafaa ifanyiwe lugha ya mikono yetu.

Kwa sababu hizo tunapendekeza mambo manne.

Kwanza, alama zinazotumiwa na viziwi wa Unguja na Pemba zikusanywe kwa picha za video, mjini na mashamba, kwa wazee na kwa vijana. Kazi hiyo iongozwe na viziwi wenyewe kupitia chama chao, na wataalamu wa lugha na wa kompyuta wawe wasaidizi. Asiyekuwapo na lake halipo. Mkusanyo huo ukiwapo, chombo chochote kitakachozuka kesho kitafundishwa kutokana nao; na chombo kikifa, mkusanyo utabaki.

Pili, iamuliwe tangu mwanzo picha hizo ni mali ya nani na nani atazitumia. Sauti ya mtu huweza kuandikwa na jina lake likafichwa. Lugha ya alama haiwezi kusemwa bila ya uso, na uso ndio mtu mwenyewe. Kiziwi anayekubali kupigwa picha anatoa amana, na amana haiuzwi kwa kampuni ya ng'ambo nyuma ya mgongo wake.

Tatu, wauguzi, walimu, askari polisi, makarani wa mahakama na masheha wafundishwe lugha ya alama kama sehemu ya kazi yao, na penye jambo zito la matibabu au la kesi awepo mkalimani aliyesomea. Hili si suala la hisani. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu wa mwaka 2006, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, unaihesabu lugha ya alama kuwa ni lugha, na unazitaka serikali zirahisishe matumizi yake katika shughuli za umma. Zanzibar ilitunga sheria ya haki za watu wenye ulemavu mwaka huohuo wa 2006. Kenya imekwenda mbali zaidi, kwani katiba yake ya mwaka 2010 imeitaja lugha ya alama ya Kenya kuwa mojawapo ya lugha rasmi za Bunge, pamoja na Kiswahili na Kiingereza.

Nne, vyombo vya kuufuata mkono vipewe kazi inayovifaa. Muuguzi anayejifunza anaweza kufanya mazoezi nyumbani mbele ya simu yake, nayo ikamwonyesha kama mkono wake umekaa sawa. Mtoto anaweza kuifanya alama mbele ya kamera na kutafutiwa neno lake la Kiswahili katika kamusi. Katika kazi hizo mashine ikikosea hakuna anayedhurika, na mwalimu yupo wa kusahihisha. Lakini isikalishwe kitini pa mkalimani, hospitalini wala mahakamani, mpaka viziwi wenyewe waijaribu, kwa lugha yao, katika mambo yao, na waseme kwamba imewafahamu.

Tunajua kwamba njia tunayoipendekeza haina makofi mengi. Kununua vyombo kumi na kuvikabidhi mbele ya wapiga picha ni kazi ya asubuhi moja. Kuwafundisha wauguzi wa visiwa viwili ni kazi ya miaka. Lakini fedha ya umma hupimwa kwa aliyesaidiwa nayo. Muuguzi aliyejifunza haishiwi na chaji, haharibiki kwa unyevu wa bahari, na hujifunza zaidi kila anapokutana na mgonjwa. Na anapokosea, mama humwona usoni kwamba hakufahamu, akamrudilia.

Basi siku chombo kipya kitakapowekwa mezani mbele ya wakuu wetu, tunaomba aitwe kwanza yule mama kiziwi tuliyeanza naye. Apewe kiti cha mbele, aeleze ugonjwa wa mwanawe kwa haraka na kwa wasiwasi, kama anavyoeleza mzazi yeyote, kisha aulizwe kama yaliyotamkwa ndiyo aliyoyasema. Na kwa kumwuliza hilo, lazima awepo chumbani mtu anayeijua lugha yake. Tuanze kwa kumpata mtu huyo.